Leseni ya Kumimina

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo popote. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, na mtu akiwaambia anaifahamu, muulizeni nani alimpa ruhusa ya kuifahamu. Inaitwa Jamhuri Tukufu ya Tahadhari. Ni nchi ya amani. Kila raia ana mtu wa kumwangalia, na huyo anayemwangalia naye anaangaliwa, kwa hiyo hakuna anayelalamika kuwa mpweke.

Mkuu wa nchi hiyo ni Babu wa Taifa. Ametawala kwa muda mrefu, tena kwa kuombwa. Kila akitaka kupumzika wananchi humwomba aendelee, na wale wasiomwomba huombewa na wenzao.

Basi siku moja Babu wa Taifa aliumwa tumbo. Alikuwa amekula viazi vitamu kwa maharage, akaongeza, akaongeza tena, kisha akashushia na bia. Daktari wake alisema ni viazi. Daktari huyo sasa anatibu mbuzi huko mpakani. Tume iliundwa, ikavichunguza viazi na kuvikuta havina hatia. Maharage nayo yaliachiwa huru kwa kuwa yalitoka shambani kwa Babu mwenyewe, na shamba lile halijawahi kutoa kitu kibaya. Ikabaki bia. Na bia haijimimini. Kuna mtu aliimimina.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Usalama wa Glasi, na ndivyo balaa lilivyobisha hodi nyumbani kwa Sikudhani.

Sikudhani alikuwa binti pekee wa Bi Tekla, na Bi Tekla alikuwa na baa ya chumba kimoja: kaunta ya mbao iliyong'aa kwa viwiko vya watu, viti ambavyo kila kimoja kilikuwa na mwenyewe, na friji iliyonguruma mchana kutwa kama mtu anayelalamikia ujira. Kibao cha nje kiliandikwa Tulizo Baa, lakini hakuna aliyekisoma. Watu walisema tu, twende kwa Tekla.

Desturi ya kwa Tekla ilikuwa desturi ya nchi nzima, ila yeye aliishika kuliko wengine. Chupa ilifunguliwa mbele ya macho ya mnywaji, na kizibo kikawekwa mezani akione. Kisha Bi Tekla alijimiminia funda moja kwenye kikombe chake cha bati, akanywa, akafuta mdomo kwa kiganja, ndipo akasema, "Karibu." Hakuna aliyefikiria sumu. Mtu akikuuliza habari za asubuhi hategemei umpe taarifa ya asubuhi nzima, na Bi Tekla akionja hakuwa anapima kitu. Alikuwa anasalimia.

Serikali iliposikia kwamba wananchi wanaonjeana, ilifurahi sana. Ikaichukua salamu ile ikaifanya sheria.

*

Aliyeileta habari alikuwa Inspekta Pazi, askari wa Mamlaka ya Usalama wa Glasi, kijana mnene aliyevaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Alisimama kaunta, akakataa kiti kwa sababu hakujua nani alikikalia kabla yake.

"Kuanzia sasa," alisema, "hakuna kumimina bila leseni. Na leseni ina umri wake. Kijana sana haruhusiwi, maana hana cha kupoteza. Mzee sana naye haruhusiwi, maana mtu aliyekaribia kufa haogopi kunyongwa. Mama, una umri gani?"

"Umri wangu?" Bi Tekla alicheka. "Mwanangu, sisi tulizaliwa wakati kalamu bado ziko madukani."

"Basi nitakupima. Unayakumbuka yale mafuriko makubwa?"

Sikudhani alimkanyaga mama yake mguu. Lakini Bi Tekla alikuwa na udhaifu mmoja, na udhaifu huo ulikuwa mafuriko.

"Nayakumbuka? Nani anisimulie mimi mafuriko! Mapipa yalielea kaunta hapa, nikayafunga kamba kama mbuzi. Wanawake wenzangu walikuwa juu ya mapaa wanalia, mimi nilikuwa natembea na maji kifuani nauza bia! Muulize Kibwana."

Kibwana, fundi baiskeli aliyekuwa na kiti chake pembeni mwa dirisha tangu enzi hizo, aliitazama bia yake kwa huzuni. "Mimi sikumbuki chochote, Afande," alisema. "Mimi ni kijana."

Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Inspekta Pazi alitangaza kwamba Bi Tekla ni mzee kisheria, na kwamba akionekana tena akimimina hata maji ya kunawa, atashitakiwa. Kama hapatatokea mtu wa ukoo wake mwenye leseni, baa itachukuliwa na Mamlaka na kukabidhiwa kwa mtu mwaminifu. Sikudhani aliuliza mtu mwaminifu ni nani. Inspekta alisema hajateuliwa bado, lakini ni shemeji wa Kamishna, mkuu wa Mamlaka.

Jioni ile Bi Tekla alikaa upande wa wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa maishani mwake, akipangusa kikombe chake cha bati ambacho kilikuwa safi. Sikudhani alimwangalia, roho ikamuuma. Mama yake alikuwa mkali na mwenye majigambo na mdomo usio na breki, lakini kule kaunta alikuwa malkia. Upande huu alikuwa bibi mmoja tu aliyechoka.

"Nitaenda kusomea, mama," alisema.

"Kusomea kumimina?"

"Ndiyo."

Bi Tekla aliguna. "Haya. Nenda ukasomee. Ukimaliza usomee na kupiga chafya."

*

Chuo cha Taifa cha Umiminaji kilikuwa juu ya kilima, na geti lake liliandikwa: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO. Wanafunzi walipekuliwa nguo wakiingia. Baadhi ya nguo hazikurudi.

Kwanza kulikuwa na kipimo cha afya. Sikudhani alidhani wanatafuta watu wenye nguvu, akaja ameoga, ameshiba, kifua mbele. Daktari alimgonga mgongo, akamtazama ulimi, uso ukamsawijika.

"Binti, una afya nzuri kupita kiasi. Siwezi kukupitisha."

"Kwa nini, daktari?"

"Mhudumu ndiye anayeonja kwanza. Mtu mwenye nguvu kama zako anaweza kunywa sumu akabaki amesimama, tukadanganyika. Serikali inataka waonjaji dhaifu, watu ambao kitu kidogo tu kikiwagusa wanaanguka. Nenda kaharibike kidogo, urudi."

Kibwana ndiye aliyemfundisha kukohoa. Alikuwa na kikohozi cha ukoo, chenye mluzi mwishoni, na alikitoa bila choyo. Sikudhani alirudi kwa daktari amekunja mgongo, akapiga mluzi ule, na daktari akamshika mkono kwa furaha. "Hongera," alisema, "una hali mbaya sana."

Mwalimu mkuu wa chuo alikuwa Kamishna Evaristi mwenyewe, mtu mrefu mwenye sauti ya mimbari, ambaye hajawahi kugusa pombe tangu azaliwe na alisema hivyo kila alipofungua mdomo. Na kwa kuwa chuo kilikuwa taasisi ya umma, hapakuwa na tone la pombe ndani yake. Wanafunzi walimimina kutoka chupa tupu kwenda glasi tupu. Sikudhani alipewa alama mbaya kwa sababu povu lake lilikuwa jingi.

"Povu gani, Mheshimiwa?" aliuliza. "Glasi haina kitu."

Kamishna alimtazama kwa muda mrefu. "Mnaona," aliwaambia wengine, "huyu ameshaanza kuficha ushahidi."

Somo kubwa hata hivyo halikuwa kumimina. Lilikuwa kushuku. Walifundishwa kwamba mteja akicheka, wajiulize anamcheka nani. Asipocheka, wajiulize ameficha nini. Anayelipa haraka anataka kukimbia. Anayekaa sana anasubiri kitu. Anayemnunulia mwenzake ana jambo, na anayekunywa peke yake ana jambo kubwa zaidi. Kila mwanafunzi alipaswa kumshitaki jirani yake wa dawati kila wiki, na kwa kuwa jirani wa Sikudhani alikuwa msichana mpole asiye na kosa, Sikudhani alikaa usiku akimtafutia kosa dogo lisilouma. Akaandika kwamba anakoroma kwa mpangilio unaotia shaka. Msichana yule naye aliandika kwamba Sikudhani halali, anasikiliza watu wakikoroma. Wote wawili walisifiwa.

Katika mtihani walionyeshwa picha ya mzee mmoja ameketi mbele ya bia, wakaulizwa: huyu anataka nini? Sikudhani aliandika: ana kiu. Akafeli. Alipopewa nafasi ya kurudia alifikiri sana, akaandika: anajifanya ana kiu. Akapata alama za juu kuliko wote.

Alirudi nyumbani na leseni ndani ya fremu. Bi Tekla aliitundika juu ya friji, akainyoosha, akasogea nyuma kuitazama. Alifurahi, hakika alifurahi. Lakini Kibwana aliposema siku ile, "Binti, niwekee moja, nina kiu," Sikudhani alishtuka kujiona anamkagua mikono.

*

Sasa ilianza kunong'onwa nchini kwamba Babu wa Taifa anawaogopa wananchi wake. Minong'ono hiyo ilimuumiza Babu, akaamua kuikomesha kwa vitendo. Angekwenda kwenye baa ya kawaida, akae na watu wa kawaida, anywe bia moja ya kawaida, na redio ya taifa itangaze funda kwa funda. Wataalamu walitafuta baa iliyo na mhudumu mwenye alama za juu. Wakaiona kwa Tekla.

Kamishna Evaristi alikuja mwenyewe kuandaa. Alizungumza na Sikudhani kwa upole, na upole wake ulitisha.

"Ni heshima kubwa, binti. Kuna utaratibu mdogo tu. Anayemhudumia Babu lazima awe na mtu wa kulia."

"Mtu wa kulia, Mheshimiwa?"

"Mtu ambaye wewe ukifanya kosa, utamlilia. Huyo anakuwa mgeni wa Serikali mpaka shughuli iishe. Babu akinywa akabaki mzima, mgeni anarudi nyumbani. Babu asipobaki mzima..." Alitabasamu. "Lakini kwa nini asibaki?"

Bi Tekla alichukuliwa siku hiyohiyo kwa gari lenye mapazia. Alikuwa amevaa kanga yake nzuri, kwa sababu aliambiwa ni mgeni. Kabla hajapanda aligeuka, akamwambia Sikudhani, "Usisahau kuonja." Basi. Gari likaondoka, na Sikudhani akabaki ameshikilia mlango wa baa.

Tangu hapo hakulala wala kula. Alichokuwa akikiwaza ni kimoja: si yeye peke yake atakayekuwa karibu na ile bia. Kutakuwa na walinzi, mawaziri, wapambe. Mmoja wao akitia kitu, mama yake harudi. Alifundishwa kushuku watu kwa ajili ya Babu. Sasa alishuku kwa ajili ya mama yake, na hapo ndipo alipokuwa mwanafunzi bora kweli.

Siku ilipofika, wateja wa kawaida waliondolewa, wakaletwa watu wa kawaida kutoka Idara ya Usalama. Walikaa wameshika glasi kama watu wanaoshika mabomu. Kibwana alichungulia dirishani akaona kiti chake kimekaliwa na mtu aliyevaa ovaroli yenye grisi iliyopakwa upya, spana mfukoni, na juu ya meza yake kuna kadi imeandikwa FUNDI BAISKELI.

"Hata spana kaitia kichwa chini," Kibwana alilalamika. Wakamwondoa na dirishani.

Bia zote zilitolewa nje ya baa, ikabaki chupa moja. Chupa moja ni rahisi kuilinda, alieleza Kamishna. Walinzi wawili waliilinda ile chupa, wawili wakawalinda walinzi, na Inspekta Pazi alisimama mlangoni na miwani yake akiwalinda hao.

*

Babu wa Taifa aliingia adhuhuri, mdogo kuliko picha zake, mgongo umepinda, macho yakienda huku na huku kama ya kuku anayesikia mwewe. Watu wa kawaida walipiga makofi kwa pamoja na kuacha kwa pamoja. Babu alikaa. Mtangazaji wa redio alinong'oneza kwenye kipaza sauti kwamba Babu amekaa.

Sikudhani aliinua chupa akamwonyesha kizibo. Akaifungua mbele ya macho yake, akaweka kizibo mezani. Mkono wake ulikwenda vizuri mpaka hapo. Kisha Kamishna Evaristi akamsogezea glasi ya kioo kinene yenye nembo ya Ikulu, na Sikudhani akaitazama.

"Mimina," alisema Kamishna.

"Glasi hii si yetu."

"Imetoka Ikulu. Mimina, binti."

"Nimefundishwa," alisema Sikudhani, "kwamba mhudumu akiwa na shaka, asimimine. Mheshimiwa mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Mimi nina shaka."

Friji ilikata mngurumo. Babu wa Taifa aliinua kichwa taratibu, akaitazama glasi, akamtazama aliyeileta.

"Evaristi," alisema. "Kunywa wewe kwanza."

Ningependa kuwaambia kwamba Kamishna alikuwa mwovu, hadithi ingenyooka. Lakini alikuwa mtu tu ambaye hajawahi kugusa pombe. Alimimina kidogo, akainua glasi, harufu ikampanda puani, na mkono wake ukaanza kutikisika mpaka bia ikamchuruzikia kwenye mkono wa shati.

"Kwa nini unatetemeka?" aliuliza Babu.

"Sinywi, Babu. Tangu nizaliwe. Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua," alirudia Babu polepole, na walinzi wakamwondoa Kamishna na kumweka ukutani, uso kwa ukuta. Kisha Babu akamgeukia Sikudhani. Macho yale yaliyozoea kukimbia yalitulia kidogo. "Wewe binti huamini mtu humu ndani?"

"Humu ndani, hapana."

"Na nje?"

"Mama yangu. Bi Tekla. Mwenye baa hii."

Labda Babu wa Taifa alikumbuka. Wazee wa mtaa ule husema, wakiwa wamefunga madirisha, kwamba zamani kabla hajawa babu wa mtu yeyote, alikuwa karani wa posta aliyekunywa hapo kwa mkopo. "Tekla yu hai?" aliuliza.

"Yuko kwenu, Babu," alisema Sikudhani. "Ni mgeni wenu."

*

Walimleta haraka. Kanga yake nzuri ilikuwa imekunjamana, na midomo yake imekauka mpaka imepasuka. Baadaye ilijulikana kwamba katika nyumba ya wageni wa Serikali hakupewa chakula wala maji, si kwa ubaya, bali kwa tahadhari: angekula akafa, Serikali ingelaumiwa. Wala hakulala, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumwamsha kila mara kuhakikisha yu hai.

Alimpita mwanawe, akamgusa bega. Akapita nyuma ya kaunta, mahali pake, akachukua kikombe chake cha bati. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha umri wake.

"Baridi au moto?" alimuuliza Babu wa Taifa kwa mazoea, ingawa chupa ilikuwa ileile moja.

"Moto," alisema Babu, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Kifua changu, Tekla."

"Najua kifua chako."

Alimimina kwenye kikombe chake, akanywa. Kila mtu alisubiri afute mdomo. Hakufuta. Alifumba macho, kiu ikamzidi, akamimina tena, akanywa tena, kisha akaona kikombe kinamchelewesha, akaipindua chupa yenyewe mdomoni. Mtangazaji wa redio hakujua aseme nini, akasema hali ni shwari. Bi Tekla aliishusha chupa ikiwa tupu, akafuta mdomo kwa kiganja, akapumua.

"Ilikuwa salama," alisema.

Sasa sheria inataka baada ya kuonja usubiriwe Muda wa Shaka, kuona kama mwonjaji ataanguka. Wakasubiri. Babu alimtazama Tekla, watu wa kawaida wakamtazama Tekla, hata Kamishna aligeuza shingo kutoka ukutani. Bi Tekla alikaa kwenye stuli yake nyuma ya kaunta. Alikuwa hajala, hajalala, na ana karibu chupa nzima tumboni. Kope zikamshuka. Kichwa kikaenda mbele, kikarudi, kikaenda tena. Halafu paji la uso likagonga kaunta, kah! na kikombe cha bati kikabiringika sakafuni.

"SUMU!" mtu alipiga kelele.

Sijui mmewahi kuona dola ikikimbia. Babu wa Taifa alipitishwa juu juu, miguu haigusi chini. Meza zilianguka. Fundi baiskeli wa Serikali aliruka dirishani na kuacha spana. Kamishna Evaristi alikimbia sambamba na walinzi waliokuwa wamemkamata. Nje, ving'ora vililia, magari yakagongana, redio ikasikika ikisema kwa sauti ya kuvunjika kwamba Babu yu salama, yu salama, mama mmoja amekufa kwa niaba yake.

Ndani alibaki Sikudhani peke yake na mama yake.

Aliamini. Lazima niliseme hilo. Kwa yale aliyofundishwa hakuwa na namna ya kutoamini: glasi, wale walinzi, nyumba ile ya wageni. Alipiga magoti pale nyuma ya kaunta akamkumbatia mama yake kiunoni, akalia kilio ambacho Serikali ilikuwa imekiwekea akiba, akasema mama nisamehe, mama ni mimi niliyekutaja, mama. Akaweka sikio mgongoni kwa mama yake.

Mgongo ulikuwa unakoroma.

"Mama?"

Jicho moja lilifunguka. "Wameenda?" aliuliza Bi Tekla.

*

Bi Tekla alizikwa kwa heshima zote za kitaifa. Jeneza lilifungwa tangu mwanzo kwa sababu sumu ile, walisema, ilikuwa kali na ingeweza kuruka, na hakuna aliyethubutu kuufuata mwili. Kamishna Evaristi aliongoza mazishi. Uchunguzi ulikuwa umeonyesha kwamba mkono wake ulitetemeka kwa kuihisi hatari kabla ya wengine wote, akatunukiwa nishani. Babu wa Taifa alisema kwamba sasa dunia imeona jinsi wananchi wanavyompenda: wako tayari kufa ili yeye asinywe. Bi Tekla alikuwa nyuma ya umati na Kibwana, amejitanda kanga usoni. Alisema jeneza ni zuri, lakini maua wamebania.

Siku chache baadaye Inspekta Pazi alikuja kukagua baa. Aliingia, akavua miwani, akairudisha, akaivua tena. Nyuma ya kaunta alisimama marehemu, anapangusa glasi.

"Nani huyu?" alimuuliza Sikudhani kwa sauti ndogo.

"Unamwona nani, Afande?"

Inspekta alipiga hesabu kichwani. Kama ni Bi Tekla, basi redio ya taifa imesema uongo, jeneza ni tupu, nishani ni ya bure, na Babu alimkimbia mtu aliyesinzia. Askari mwenye akili hawezi kuona mambo makubwa kiasi hicho kwa macho yake mawili.

"Simwoni mtu," alisema.

"Basi ndiye huyo anayemimina," alisema Sikudhani. "Sheria inawataka wenye uhai wawe na leseni. Na umri. Huyu hana uhai wala umri."

Jasho lilimtoka Inspekta Pazi. Akakaa, tena kwenye kiti cha Kibwana, bila kuuliza nani alikikalia. Bi Tekla alifungua chupa mbele ya macho yake, akaweka kizibo mezani, akajimiminia kwenye kikombe cha bati, akanywa, akafuta mdomo. Inspekta aliitazama bia ile, hainui mkono.

"Kunywa, mwanangu, usiogope," alisema Bi Tekla. "Mimi ilishaniua."

Wateja walicheka mpaka wakashika matumbo, na Inspekta mwenyewe, baada ya kuangalia nyuma yake, akacheka. Kuanzia siku ile hakuna aliyeisumbua baa ile tena. Shemeji wa Kamishna alitafutiwa baa nyingine.

Na mimi ningeishia hapo, mkaenda zenu mmefurahi. Lakini kulikuwa na alasiri moja, baa haina watu, mvua inanyesha. Bi Tekla alifungua chupa ya kwao wawili. Akaonja, akafuta mdomo, akamsukumia mwanawe glasi. "Karibu."

Sikudhani aliishika. Kuna jambo lilikuwa limemkaa rohoni tangu siku ile: kwamba hakuwahi kujua kama mama yake alisinzia kweli au aliwachezea wote, yeye mwanawe akiwemo, akamwacha alie vile. Alishamuuliza. Mama yake alisema, "Nilisinzia tu." Na Sikudhani, mwanafunzi bora wa chuo kile, alikuwa ameyapima maneno yale kama alivyofundishwa.

Sasa alisimama na glasi mkononi. Hakunywa. Alikuwa akimtazama mama yake kope, shingo, kifua kinavyopanda na kushuka. Hakujua kama anafanya hivyo, mpaka alipoona mama yake ameacha kutabasamu.

"Nimekunywa, mwanangu," alisema Bi Tekla polepole. "Umeniona nikinywa."

"Nimekuona, mama."

Bi Tekla alikiinua tena kikombe chake cha bati, akanywa funda la pili ili mwanawe aone vizuri, akakishusha, akangoja. Mvua iliendelea kugonga paa. Sikudhani alitaka kunywa, Mungu shahidi alitaka, lakini povu lilimalizika glasini, na bia ikatulia kama maji, na mkono wake ulikuwa bado haujainuka.